Gurudumu la Mbele Kushoto

"Mtoto amewekwa kwa mama. Atalia saa nane."

Mkuu Mutiso aliusoma ujumbe huo mara mbili kwenye redio, polepole, kama mtu anayesoma matangazo ya kanisa.

"Umenaswa wapi?" Kavindu Nthiwa akauliza.

"Kwenye simu ya Brandt. Dakika nne zilizopita."

"Mtoto ni bomu."

"Ndiyo."

"Na mama ni Sahara."

"Ndiyo. Uko wapi?"

"Nimepita Kabati. Gari lake naliona mbele."

"Una muda gani?"

Kavindu akatupa jicho kwenye Casio mkononi. Saa tano kasoro dakika kumi.

"Nilio nao," akasema, akakata.

Akakanyaga mafuta. Subaru Forester ikaruka hadi mia na thelathini.

Kilomita mbili mbele yake, Land Cruiser nyeupe ilikuwa inaelekea kaskazini. Ndani yake alikaa Mama Sahara Gabow, mfanyabiashara wa mifugo wa Tseikuru, mwenyekiti wa kamati ya amani. Miguuni mwake kulikuwa na sanduku la chuma. Ndani ya sanduku kulikuwa na mkataba ambao wazee wa wakulima walikuwa wameutia sahihi jana Kitui. Saa nane mchana wazee wa wafugaji wangeutia sahihi yao Tseikuru, mbele ya umati. Miaka miwili ya kupigana risasi juu ya maji na malisho ingeisha.

Mama Sahara akichelewa, vijana wa pande zote mbili wangesema wamesalitiwa. Walikuwa na bunduki. Walikuwa wanangoja sababu tu.

Akifika na bomu, hakuna ambaye angengoja sababu.

Hicho ndicho alichotaka Brandt.

Brandt alikuwa mgeni mwenye shirika lililoitwa Mikono Safi. Alikuwa mtu wa kuchimba kisima kimoja na kusimamisha mabango matano. Alikuwa ameona kwenye ramani ya setilaiti kwamba chini ya ardhi ya Tseikuru kuna madini, akapiga hesabu ya mtu asiyemwogopa Mungu: watu wakipigana watakimbia, wakikimbia ardhi itabaki. Hilo Land Cruiser alilitoa yeye, kwa picha nyingi na tabasamu. Aliligharimia hata sevisi ya juzi, kwenye karakana ya Kaloki huko Nunguni.

Kaloki alikuwa fundi kwa namna ambayo nyani ni mkulima. Hufika shambani, hula, huondoka.

Jana jioni, Kitui, kikosi cha Mutiso, kilichomshuku Brandt, kilikuwa kimelipekua gari hilo. Mbwa alinusa. Mashine ikapitishwa juu na chini. Walifungua viti, mitungi ya maji, magunia ya mchele ya zawadi, hata mkoba wa Mama Sahara. Hawakupata kitu. Na kwa sababu hawakujua mzigo uko wapi, hawakuweza kumhamishia gari jingine. Huenda wangeuhamisha pamoja naye.

Kavindu alikuwa amelikaribia gari hilo sasa. Mita hamsini. Barabara ilikuwa lami laini, imenyooka.

Ndipo alipoona.

Magurudumu ya mbele yalikuwa yanatikisika. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, haraka, kama mtu anayekataa kwa kichwa.

Kavindu alikuwa binti wa fundi wa Kalamba. Alikuwa ameshika spana kabla hajashika kalamu.

Gari lililotoka sevisi juzi halina haki ya kutikisika hivyo.

Akalipita, akawasha taa za hatari, akapunga mkono nje ya dirisha.

*

Ndolo, dereva, alishuka akifuta jasho. Alikuwa mzee wa miaka sitini, mwenye kofia ya sufi hata kwenye jua. Alimjua Kavindu kama fundi wa kike wa karakana moja ya Kitui mjini, kwa sababu kwa miezi mitatu ndivyo Kavindu alivyokuwa. Ovaroli yake ilikuwa na mafuta ya kweli.

"Fundi! Mungu amekuleta. Hii gari inataka kuniua."

"Mzee Ndolo, stering inakufanya nini?"

"Inatetemeka kama mtu wa malaria. Nikifika themanini inaanza. Nikipita mia inanyamaza. Nikirudi, nayo inarudi."

"Ukishika breki?"

"Breki iko sawa."

"Ukigonga shimo?"

"Shimo haina maneno. Ni hapa kwa lami tu, pale pazuri."

Kavindu akatikisa kichwa taratibu. Dakika moja ya maswali huokoa saa nzima ya kufungua nati. Ingetikisika kwenye breki, angetazama diski za breki. Ingeshtuka kwenye shimo, angetafuta chuma kilicholegea. Lakini mtikisiko unaokuja kwa mwendo mmoja na kuondoka kwa mwendo mwingine ni wa kitu kinachozunguka. Kitu kinachozunguka na kisicho sawa kwa uzito.

Akaenda dirishani kwa Mama Sahara. Akainama.

"Shikamoo, mama. Usishtuke, na usitoke mbio. Mimi si fundi tu."

Akamwonyesha kitambulisho kwenye kiganja, akakifunga tena.

Mama Sahara alikitazama, kisha akamtazama yeye. Alikuwa amezika watoto wa dada yake wawili katika vita hivyo. Hakupiga kelele.

"Ile bomu waliyoitafuta jana iko ndani ya gari?"

"Iko ndani ya gari."

"Saa nane lazima niwe Tseikuru, binti yangu. Nikiwa hai au vipande."

"Utakuwa hai. Teremka pole pole, ukae pale kwenye kivuli na sanduku lako. Jifanye umekasirika na dereva."

"Hiyo si kujifanya," alisema Mama Sahara. "Kutoka asubuhi ananirusha kama maziwa kwenye kibuyu."

Kavindu akatoa chupa ya chai kwenye Subaru, akaiweka juu ya boneti ya Land Cruiser. Haikuwa na chai. Ilikuwa na mtambo wa kuzima mawimbi ya redio hadi mita thelathini, wenye betri ya dakika arobaini. Ofisini walikuwa wametaka kuuweka ndani ya jalada la Biblia. Alikataa. Biblia ina kazi yake.

Akabonyeza kizibo. Taa ndogo nyekundu ikawaka.

Nyuma, juu ya kilima, Toyota Prado nyeusi ilikuwa imesimama. Kioo cha darubini kilimeta mara moja juani.

Brandt. Angalia vizuri, Kavindu akasema moyoni. Utaona mwanamke na jeki. Hutaona kitu kingine, maana hujawahi kuona.

Akaingiza jeki chini ya ekseli ya mbele.

*

Kwanza alishika gurudumu la kulia, mkono mmoja juu, mmoja chini. Akalisukuma, akalivuta. Halikucheza. Beringi nzima. Akalishika pembeni, kushoto na kulia. Halikucheza. Tairodi, kile chuma kinachounganisha usukani na gurudumu, nzima.

"Mzee, ingia ndani, ucheze na stering. Kidogo kidogo."

Akalala chini kwenye changarawe. Ndolo akazungusha usukani huku na huku. Kavindu akatazama kila kiungo kwa zamu. Akaweka kidole kwenye kila bushi ya mpira. Vyote vilikaza kama dini ya mama yake.

Kisha akaiona damper.

Ilikuwa mpya. Inang'aa. Damper ni kile kibomba cha mafuta kinachozuia usukani usirukeruke.

"Mzee, juzi kabla ya kwenda Nunguni, stering ilikuwa inatetemeka?"

"Hapana! Ilikuwa kama imelala."

Kavindu akatema mchanga. Hiyo ndiyo tabia ya fundi bandia, duniani kote. Damper haiponyi kitu. Inaziba mdomo wa ugonjwa. Na hakuna mtu anayeziba mdomo wa ugonjwa ambao haujakuja, isipokuwa anajua unakuja.

Kaloki alijua gari hili litatikisika.

Akalizungusha gurudumu la kulia kwa mkono. Likazunguka, likasimama. Akalizungusha tena. Likasimama kwingine. Sawa.

Akahamia kushoto.

Akalizungusha. Likapunguza mwendo, likasita, likarudi nyuma kidogo, likatulia. Akaweka alama ya chaki kwenye tairi, upande wa chini. Akalizungusha tena.

Alama ikarudi chini.

Mara ya tatu.

Alama chini.

Akachungulia ndani ya rimu. Halikuwa na tope. Lilikuwa na vipande vya madini ya risasi vya kusawazishia uzito, vimebandikwa upande mmoja kwa safu, vingi kuliko gurudumu lolote linavyohitaji, na kati yake mapengo safi ambapo vingine vilikuwa vimebanduka na kuanguka njiani. Mtu alikuwa ameweka kitu kizito ndani ya tairi, kisha akajaribu kukisawazisha upande wa pili. Gundi yake ilikuwa rahisi kama yeye.

Akagonga tairi kwa mpini wa spana. Tang. Tang. Tang. Du.

Akagonga tena pale pale.

Du.

Mashine ya jana isingeweza kuona. Tairi lote lina nyaya za chuma. Na mbwa alikuwa amenusa raba, gundi na oili chafu hadi akachoka.

"Mzee Ndolo," alisema, bila kuinua sauti, "juzi mkitoka Nunguni, gari ilikuwa na shida gani?"

"Hakuna. Stering tulivu. Ila kiti kilikuwa kinanichezesha matako. Nikasema ni uzee."

"Ndolo!" Mama Sahara akafoka kutoka kivulini.

"Si ameniuliza, mama? Nimdanganye fundi?"

Gurudumu bovu la mbele hutikisa mikono. La nyuma hutikisa kiti.

"Leo asubuhi uliyagusa magurudumu?"

"Si naenda Tseikuru?" Ndolo alimtazama kama aliyeulizwa kama amenawa uso. "Ya nyuma nimeleta mbele. Matairi mazuri yanakaa mbele. Mbele ikipasuka kule kwa miiba, unapinduka. Dereva gani hajui hiyo?"

Kavindu alifumba macho. Asante, Baba.

Brandt alikuwa ametega bomu nyuma, mahali ambapo usukani usingesema neno, na damper mpya juu yake kwa tahadhari. Alikuwa amefikiria mbwa, mashine, polisi na setilaiti. Hakufikiria kwamba mzee mwenye kofia ya sufi ana akili.

Akafungua nati sita. Akalitoa gurudumu polepole, kama anayepokea mtoto mchanga, akalilaza kwenye nyasi. Akafunga spea.

Ndipo Prado ikateremka kilima.

*

Brandt alishuka kwanza. Shati la kitani, viatu vya Timberland visivyo na vumbi. Kaloki alibaki kwenye usukani, mnene, akitafuna njugu.

"Mama Sahara! Kuna shida?" Kiswahili chake kilikuwa sanifu na baridi. "Hatuwezi kuchelewa. Amani haingoji."

"Ni gurudumu, bwana," Kavindu akasema, akijifuta mikono. "Stering ilikuwa inatetemeka. Nimeweka spea."

Brandt alitazama. Gurudumu la mbele lilikuwa kwenye nyasi. Macho yake yakaenda kwenye magurudumu ya nyuma. Hayakuwa yameguswa. Mabega yake yakashuka kidogo.

Kavindu aliona mabega hayo.

"Kazi nzuri, mama," alisema Brandt. "Basi waende, waende."

Alimpita Ndolo bila kumsalimia. Mama Sahara akapanda na sanduku lake. Alipofunga mlango, Kavindu akachukua chupa yake ya chai juu ya boneti, akaegemea dirisha.

"Usisimame popote, mama."

"Na wewe?"

"Mimi na gurudumu tutafuatana."

Mama Sahara alielewa. Akanyoosha mkono, akaugusa uso wa Kavindu mara moja. Land Cruiser ikaondoka. Ilipofika themanini, magurudumu ya mbele yalikuwa yametulia kama sahani mezani.

Kavindu akamgeukia Brandt. Nyuma yake Subaru ilikuwa na boneti wazi; alikuwa ameifungua makusudi.

"Bwana, gari langu limechemsha. Naomba mnibebee hili gurudumu hadi Mwingi, kwa mtu wa pancha."

Huko kaskazini, dereva anaweza kukunyima lifti wewe mwenyewe. Gurudumu lako hawezi kulikataa. Atalibeba hadi kwa mtu wa pancha, ataliacha hapo na salamu zako, maana kesho na yeye atakuwa kando ya barabara. Hata mwizi hulibeba.

Kaloki alichungulia dirishani. Aliona chaki. Kisha aliona ile safu ya risasi aliyoibandika mwenyewe.

Njugu zikamkwama kooni.

"Hatubebi!" akapayuka. "Hatubebi magurudumu ya watu! Tia kwa gari yako!"

"Asi! Ndugu yangu, unakataa gurudumu?"

"Nimesema hatubebi, we mama! Hii kazi ya ufundi uache, nenda ukapike!"

"Kaloki." Brandt hata kumtazama hakumtazama. Mita mia nyuma, lori la mbuzi lilikuwa linapunguza mwendo, dereva wake akitoa kichwa nje. Mtu wa Mikono Safi hakutaka kuonekana akimnyima mwanamke msaada barabarani. "Mbebee."

"Boss, lakini hiyo..."

"Nimesema mbebee."

"Boss, sikiliza kwanza..."

"Sikulipi ili nikusikilize. Endesha."

Kavindu alilipakia gurudumu nyuma. Akapanda kiti cha nyuma na mkoba wake wa spana na chupa yake ya chai.

*

Waliendesha dakika kumi na tano. Wakapita Migwani. Kaloki alikuwa anaendesha kwa arobaini, akiviepuka hata vivuli.

"Boss," alijaribu tena, kwa Kiingereza. "Can I just tell you..."

"Kaza mwendo," Brandt akasema, akitazama simu yake.

Kavindu alikuwa anatazama nje. Shule. Kibanda. Wanawake na mitungi. Sio hapa. Nyumba ya mwisho. Kisha mto mkavu, mchanga pande zote, na hakuna mtu hadi macho yanapoishia.

Hapa.

Akatazama chupa ya chai. Taa nyekundu ilikuwa imezimika; betri imekwisha. Hakujua ni lini.

Baba, akaomba, roho yangu iko kwako. Mikono nitaitumia mimi.

Akatia mkono kwenye mkoba, chini ya spana, akatoa Glock 19. Mdomo wake wa chuma ukagusa nyuma ya sikio la Kaloki.

"Simamisha gari. Zima. Funguo nje ya dirisha."

Kaloki alitii upesi mno.

Brandt akageuka. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama Kavindu. Kisha akacheka.

"Kumbe. Serikali." Mkono wake ulikuwa umekwisha toka mfukoni na kifaa cheusi, kidogo kama rimoti ya geti. Kidole gumba kilikuwa juu. "Umechelewa, mama. Unaona ule mlima? Gari la Sahara linaupanda. Kifaa hiki kinafika kilomita kumi na tano. Weka bastola chini, au namlipua hapo hapo."

"Bonyeza."

Brandt akapepesa macho.

"Unadhani natania?"

"Nadhani unajua kazi yako. Bonyeza."

Uso wa Brandt uliwiva. Hakuna kitu kilichomuudhi kama mtu mdogo asiyeogopa. Kidole kikaanza kushuka.

"Boss, usibonyeze!"

Kaloki alikuwa ameugeuza mwili wote mnene kwenye kiti, mikono miwili ikiung'ang'ania mkono wa bosi wake, kamasi zikimtoka.

"Usibonyeze! Gurudumu ndiyo hili! Liko nyuma yetu! Nimeliweka mwenyewe, nalijua! Yesu wangu, usibonyeze!"

Brandt aligeuza shingo kidogo kidogo kuelekea nyuma ya gari. Gurudumu lilikuwa limelala pale, na alama ya chaki ikimtazama.

Kidole chake kiliganda hewani. Alikuwa mtu wa kuua wengine kwa mbali. Kwa karibu hakuwa amezoea.

Kavindu akanyoosha mkono wa kushoto, akaichukua rimoti kutoka kwenye vidole vyake kama mwalimu anayemnyang'anya mtoto filimbi. Akaigeuza, akaisukuma betri yake kwa ukucha. Ikaanguka kwenye ovaroli.

"Shukeni. Mmoja mmoja. Mlale kwenye mchanga, mbali."

Walilala. Shati la kitani likala vumbi. Kavindu akawafunga pingu mkono kwa mkono, ili wapate nafasi ya kusikilizana.

"Ulikuwa unataka kusema kitu, Kaloki," alisema. "Sema sasa. Bosi ana muda."

Kaloki alikuwa analia.

Kavindu akafungua redio yake ya mkononi.

"Mutiso."

"Sema!"

"Mtoto amepatikana. Amelala. Mto mkavu, mbele ya Migwani. Lete watu wa mabomu na uzibe barabara pande zote mbili."

"Na Brandt?"

"Anaota jua."

*

Vikosi vilifika kwa helikopta na kwa magari. Watu wenye mavazi mazito wakalibeba gurudumu hadi katikati ya mchanga, wakalitegua bomu. Mmoja akampigia Kavindu saluti. Kavindu alikuwa ameketi kwenye jiwe, akiondoa oili kwenye kucha kwa kijiti.

Saa nane na dakika saba simu yake ikalia.

"Binti yangu." Nyuma ya sauti ya Mama Sahara kulikuwa na watu wengi, na mbuzi, na mtu akijaribu kipaza sauti. "Wazee wamekaa. Mzee wa kwanza ameshika kalamu."

"Na wa pili?"

"Wa pili anatafuta miwani." Mama Sahara akacheka, kisha cheko likakatika, akawa anavuta pumzi tu. "Subiri. Ameipata. Anaandika. Kavindu, anaandika."

"Amina, mama."

Alikaa na simu sikioni hadi vigelegele vilipoanza. Kisha akaifunga, akainuka.

Polisi walikuwa wanampandisha Brandt kwenye gari. Alikuwa na mchanga kwenye nyusi. Alipomwona Kavindu akipita, alisimama, akawazuia kwa miguu.

"Niambie kitu kimoja," alisema. "Niliweka nyuma. Nilihakikisha ni nyuma. Nani alilihamisha mbele?"

"Ndolo."

Brandt alikunja uso. Alikuwa amempa mtu huyo gari aliendeshe miezi minane. Alikuwa amepiga picha naye mara tatu. Leo alikuwa amempita kwa hatua moja. Na alikuwa amepanga kumuua.

"Ndolo ni nani?"

Kavindu akauweka mkoba wa spana begani, akavuka mto mkavu, akashika barabara ya kurudi alikoiacha Subaru, akitembea bila haraka kwenye jua la Ukambani.